Hesabu ya Wakata Nyasi Uwanjani

Siku ya kwanza mkipanda ngazi za mnara, kila mtu atawaambia mtazame angani. Tazameni, ndiko ndege ziliko. Lakini mkimaliza, tazameni na chini kwenye nyasi. Katika miaka yangu yote ya kuongoza ndege nilikaribia kuua mtu mara moja tu, na mtu huyo hakuwa ndani ya ndege. Alikuwa mama wa watu, ana mundu mkononi, anachechemea kurudi kwake.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii, na yeyote anayeanza kazi ambayo usalama wa watu huandikwa kwenye daftari. Uwanja wenyewe sitautaja. Ulikuwa uwanja mdogo huku tambarare, chini ya mlima, wenye mnara mfupi, soksi moja ya upepo na geti moja lenye askari mmoja.

Sikusoma chuo kikuu. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kama karani wa kuandika hali ya hewa, kisha nikapelekwa mafunzo mafupi na kupandishwa taratibu. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kazi vilivyofungiwa kabatini na kamusi iliyokosa kurasa za mwisho. Namna ya kutafuta wastani niliipata kwenye kitabu cha hesabu cha shule nilichonunua sokoni Moshi. Nasema haya ili msidhani kupima usalama ni kazi ya wenye kompyuta peke yao. Ni kazi ya mtu asiyeiamini namba mpaka aende kuona inakotoka. Hilo nililijua mapema, na bado lilinishinda.

Chukueni habari ya tangi la maji. Ukutani mnarani palikuwa na mchoro wa alama za kupimia umbali wa kuona: mnara wa kanisa uko mbali kiasi hiki, jengo fulani kiasi hiki, tangi la maji kilometa tano. Ukungu ukishuka, unatafuta alama ya mwisho unayoweza kuiona, unamwambia rubani umbali wake. Mimi tangi lile niliona liko karibu mno. Barabara kutoka getini kwetu hadi pale imenyooka, basi nikafunga kitambaa chekundu kwenye spoku ya baiskeli, nikapima mzunguko wa gurudumu kwa utepe wa fundi cherehani, na Jumamosi moja nikaondoka nikihesabu kila kitambaa kinapopita juu.

Njia hiyo inapita karibu na Rau, nilikokuwa nikiishi, na kila mtu ananijua. "Habari za asubuhi, mangi?" Ndivyo Wachaga tunavyoitana kwa heshima, kama kusema chifu. Siwezi kujibu, nikijibu, hesabu inapotea. Wazee nao nikawapita bila shikamoo. Jumatatu mama yangu alishuka kutoka Old Moshi, amevaa nguo za kanisani, kuniuliza kama ni kweli cheo kimenipanda kichwani. Ameambiwa kwamba naendesha baiskeli nikiongea peke yangu na siamkii watu. Ilinibidi nirudi njia nzima kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kuomba radhi. Lakini tangi lilikuwa kilometa nne na kidogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tukiwaambia marubani kwamba wanaona mbali kuliko walivyoona kweli.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mlay, mtu wa Marangu, mzee wa kanisa la Kilutheri, asiyepandisha sauti hata redio ikimkatikia. Alinikuta siku moja nikitazama njia ya kurukia kama mtu anayetazama barabara.

"Gazeti unaanza kulisoma upande gani?" akaniuliza.

"Kushoto, mzee."

"Basi njia ya kurukia isome kutoka kulia. Anzia mwisho wa mbali, rudi kwako polepole. Macho yakipita njia yaliyoizoea yanaruka maneno. Na usome mara mbili. Mara moja kabla ya kumruhusu rubani kutua, mara moja baada ya kumruhusu."

"Ya pili ya nini, na ruhusa nimeshatoa?"

"Ruhusa amesikia rubani. Ng'ombe hajaisikia."

Mzee Mlay ndiye aliyenionya pia juu ya ubao wa meneja wetu. Chini ya ngazi palikuwa na ubao mweusi, na kila mwisho wa mwezi meneja aliandika kwa chaki: HAKUNA TUKIO. Sisi tulifurahi. Mzee Mlay aliusoma, akauliza kwa upole ni nani mwezi huo alikwenda likizo asiandike. Yeye alikuwa na daftari lake dogo. Kila rubani aliporudia kwa makosa kimo alichopewa, kila mbwa aliyevuka, kila mara alipolazimika kusema "rudia" zaidi ya mara moja, aliandika. Alipostaafu aliniachia mazoea hayo, na nikanunua daftari langu. Msione haya kuwa nalo. Mwezi ambao daftari lenu ni tupu, jiulizeni kwanza kama mlikuwa mnatazama.

Sasa nifike kwenye nyasi.

Ilipokuja ruksa, na watu binafsi wakaruhusiwa kufanya biashara ya usafiri, ndege ndogo za watalii ziliongezeka kila msimu. Wakati huohuo ukaja upunguzaji wa wafanyakazi serikalini, na kwetu walioanza kuondolewa walikuwa wakata nyasi. Trekta la kufyekea likaharibika, likaachwa nyuma ya stoo. Nyasi zikafika kiunoni. Nyasi ndefu uwanjani ni hatari, zinaficha mbwa, zinaficha ndege wenye manyoya, zinaficha kila kitu.

Dawa tuliipata mlimani. Mnajua kihamba, shamba la nyumbani kule mlimani, kilivyo: migomba na kahawa vimebanana, ng'ombe yuko bandani mwaka mzima, na majani yake lazima yafuatwe huku chini. Wanawake wa Old Moshi walikuwa wakiteremka kila siku kutafuta nyasi kando ya barabara. Wakaomba waruhusiwe kukata zetu. Wao wanapata chakula cha ng'ombe, sisi tunapata uwanja uliofyekwa. Walikuwa kumi na wawili, majina yao yameandikwa, hakuna mwingine anayeingia. Wanaingia baada ya ndege ya asubuhi, wanatoka kabla ya ile ya saa nne. Askari wa geti, mzee tuliyemwita Meku Temba, anawahesabu wakiingia na wakitoka, kisha ananipigia simu mnarani. Mimi naandika kwenye daftari la zamu: watu 12 wameingia, watu 12 wametoka. Miaka kadhaa hesabu haikupungua wala kuzidi hata siku moja. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili ya siku ile ya tangi.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na manyunyu. Saa nne kasoro simu ikalia.

"Wametoka wote kumi na wawili, mangi," alisema Meku Temba.

Nikaandika. Rubani wa ndege ndogo ya watalii akaita, yuko karibu. Nikaisoma njia ya kurukia kutoka mwisho wa mbali, nikaona haina kitu, nikampa ruhusa ya kutua. Kisha nikaisoma tena, kama nilivyofundishwa. Katikati ya njia alikuwa amesimama korongo.

Makorongo wakubwa tulikuwa nao wengi, na mara nyingi huruka wenyewe wakisikia mlio. Nikachukua darubini ili nione kama huyu ataruka. Akapiga hatua, akasita, akapiga nyingine. Alikuwa anachechemea. Nikawaza: korongo huyu ameumia mguu. Ndipo nikaona kwamba kile kilichokuwa juu ya kichwa chake ni khanga.

Sikumbuki niliishikaje redio. Nakumbuka sauti yangu ilikuwa ya kawaida, na hilo linanishangaza hadi leo. Nilimwambia rubani asitue, apande, azunguke, kuna mtu njiani. Ndege ilikuwa imeshafika juu ya uzio. Ikanguruma, ikainua pua, ikapita juu ya yule mama akiwa amelala kifudifudi juu ya lami. Halafu akainuka, akaokota mundu wake, akaendelea kuchechemea kuelekea getini, mwendo uleule.

Rubani aliniuliza, kama anayeulizia hali ya hewa, "Huyo mtu ni mzima?"

"Mzima," nikasema.

"Basi ngoja apite. Hawa wageni wangu wanadhani nimewaonyesha mlima mara ya pili kwa hisani yangu."

Ndege ilipokwisha kutua salama na mwenzangu kushika zamu, nilishuka. Getini Meku Temba alikuwa amesimama mvuani bila kofia. Yule mama, Mama Elia, mkubwa wa kundi lile, alikuwa ameketi juu ya jiwe na kifundo cha mguu kimevimba. Pembeni yake Manka, jirani yake, mwanamke mwenye nguvu wa miaka thelathini hivi, alikuwa analia na kumkaripia kwa pamoja.

"Meku, uliniambia wametoka wote," nikasema.

"Na walitoka. Nilihesabu kwa macho yangu."

"Ulihesabu nini?"

"Mizigo, kama siku zote. Kila mzigo una mtu chini yake."

Nikaingia kwenye kibanda chake, nikaketi kwenye kigoda chake. Dirisha lilikuwa juu, dogo. Mtu akipita nje na mzigo wa nyasi kichwani, unaona mzigo. Akipita mikono mitupu, huoni kitu. Na siku ya mvua Meku hakuwa na sababu ya kutoka nje.

Manka akanieleza. Mama Elia aliteguka mguu kwenye shimo, ng'ambo ya njia ya kurukia. Pikapu inayopandisha nyasi Old Moshi haimsubiri mtu. Basi Manka akatoa mzigo wake, akarudi ndani, akatoa na wa Mama Elia ili usiachwe, akijua mwenyewe anakuja nyuma polepole. Meku akaona mizigo kumi na miwili. Mama Elia alipoona wenzake wametoka, akakata njia fupi.

"Mmewahi kubebeana mizigo siku nyingine?" nikamwuliza Manka.

Alinitazama kama niliyeuliza kama wamewahi kusalimiana. "Sasa mwenye mtoto mgonjwa akitangulia, tumwachie nyasi zake zioze?"

Niliwauliza wote, mmoja mmoja, nikaandika. Karibu kila mmoja alikuwa amewahi kumtolea mwenzake mzigo. Hesabu yetu ilikuwa sahihi miaka yote kwa bahati tu, na mimi ndiye niliyeandika neno "watu" kwa mkono wangu bila kushuka ngazi hata siku moja kuwatazama wakihesabiwa.

Meneja alifunga geti siku hiyohiyo. Akaniita.

"Kuna mtu aliyegongwa?"

"Hapana."

"Ndege imeharibika?"

"Hapana."

"Basi unataka kumwandikia mkaguzi wa usalama habari ya kitu ambacho hakikutokea. Wiki ijayo anakuja. Akisoma kwamba kuna wanawake uwanjani, hawataingia tena milele, na wewe leseni yako sijui. Nyamaza, mambo yapoe, nitawafungulia mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ubao wake.

Kesho yake alasiri Mama Elia na Manka walikuja kwangu Rau. Mama Elia amefungwa kitambaa mguuni, Manka amebeba kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Marahaba. Mguu upo. Nimekuja kwa habari ya ng'ombe."

"Kaka, wanasema wewe unaandika," alisema Manka. "Ukiandika, tumekwisha. Tangu jana tunawakatia migomba. Ng'ombe akila mgomba mtupu, maziwa yanakuwa kama maji ya kusuuzia vikombe. Haya uliyoletewa ni ya juzi, yanywe ukumbuke."

"Mimi ndiye niliyekaribia kufa," akasema Mama Elia, "na mimi nasema yamekwisha. Kama ni kesi, mwenye kesi amesamehe."

"Si kesi, mama."

"Kama si kesi, unaandika nini?"

Mke wangu akawaletea chai. Nikamwuliza Mama Elia, "Mama, ulipokanyaga ile njia, ulijua ndege inakuja?"

"Ningejua ningekanyaga?"

"Ulidhani nani anajua?"

"Ninyi. Si ndiyo maana mnatuhesabu?"

"Ndiyo maana naandika," nikasema.

Manka aliondoka bila kuaga. Mama Elia alibaki kidogo kumalizia chai. Akaniambia, "Basi andika vizuri."

Niliandika kurasa mbili. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mimi niliyeiruhusu ndege kutua sikujua idadi ya watu waliokuwa uwanjani. Nilijua idadi ya mizigo. Nikaeleza dirisha, nikaeleza kubebeana. Sikuwataja wanawake kama kosa, maana walifuata kila walichoambiwa, na hakuna aliyewaambia kwamba mzigo ndio unaohesabiwa. Kisha nikaeleza kifaa. Nilikata vibati kumi na viwili kutoka kwenye debe la mafuta, nikatoboa kila kimoja, nikaandika jina juu yake kwa msumari. Mwenye kibati anakaa nacho nyumbani. Akiingia uwanjani anakitundika kwenye ubao wa misumari getini. Akitoka anakichukua mwenyewe, mwingine haruhusiwi kumchukulia. Askari hapigi simu mpaka misumari yote iwe mitupu. Na nikaongeza jambo moja ambalo meneja hakulipenda: wakiondolewa wanawake, nyasi zitarudi kiunoni, na aliyejificha ndani yake hatahesabiwa kwa kibati wala kwa chochote.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nililala vibaya. Asubuhi nilipopita getini niliwakuta baadhi yao wamesimama nje ya uzio wakizitazama nyasi, wala hawakunisalimu. Nilistahili.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani na viatu vya kutembelea. Aliisoma ripoti yangu mbele yetu, kurasa zote mbili, bila kuinua macho. Kisha akasema anataka kuona kibanda.

Akaketi kwenye kigoda cha Meku Temba. Wanawake walikuwa nje. Nikamwomba Manka ajitwishe mzigo apite.

"Namwona," alisema mkaguzi. "Naona nyasi. Sasa apite bila mzigo."

Tukangoja.

"Mwambie apite basi."

"Ameshapita, mama. Mara mbili."

Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa hiyo hapa mlikuwa mkihesabu nyasi."

"Nyasi nilizihesabu vizuri, mama," alisema Meku Temba kwa unyenyekevu wote. "Haukupotea hata mzigo mmoja."

Hata meneja alicheka, ingawa alikohoa ili isionekane. Mkaguzi hakucheka. Alitoka nje, akachukua vibati mkononi, akasoma majina, akauliza ni nani Mama Elia. Akamtazama mguu. Kisha akanigeukia.

"Ungekuwa mimi, ungewarudisha hawa?"

"Kwa vibati hivi, ningewarudisha leo."

"Na mwongoza ndege ungemfanya nini?"

"Ningempa barua ya onyo. Aliandika asichokiona."

"Barua nitaiandika mimi," akasema. "Leseni abaki nayo. Naona wengine hapa wasingeandika kabisa, na hao ndio wanaonitia wasiwasi." Alimtazama meneja kidogo, akapigilia msumari wa kwanza kwenye ubao kwa mkono wake, akampa Meku nyundo aendelee.

Nilipowaambia wanawake, hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Elia aliuliza kama wanaweza kuingia sasa hivi, kwani ndege ya saa nne ilikuwa imeshatua na nyingine ilikuwa mchana.

"Mnaweza."

"Na wewe wamekufanyaje?"

"Wameniandikia barua."

"Pole," akasema, na akatundika kibati chake kwanza.

Wakapita mmoja mmoja. Manka alipofika kwangu alisimama, akasema shikamoo, ile ambayo hakuisema siku ya kibuyu, kisha akaingia upesi kabla sijaitikia. Zamu yangu ilikuwa bado. Nikaketi kwenye kizingiti cha kibanda, mgongo ukiegemea mlango, nikasikia miundu ikifanya kazi kule ndani, nikapumua kama mtu aliyetua gunia alilolibeba wiki nzima.

Walipoanza kutoka nilisimama kando ya ubao. Meku Temba alitoka nje ya kibanda na kusimama upande wa pili. Kila mmoja aliweka mzigo chini, akachukua kibati chake, akatuonyesha uso, akajitwisha tena. Msumari wa mwisho ulipobaki mtupu nikamwambia Meku apige simu.

"Niseme wangapi?" akauliza, maana alikuwa amejaribu kujizuia asihesabu mizigo kwa njia ya zamani, ikamshinda.

"Umeona wangapi?"

"Watu kumi na wawili, mangi," akasema. "Mizigo kumi na mitatu. Huyu Manka ametoka mara mbili, kibati amechukua mara ya mwisho."